Wiki kumi na mbili za kula kwa saa nane: tathmini ya huduma ya kufunga kwa vipindi

Mwezi Juni nililipa shilingi 90,000 kujiunga na huduma ya kupunguza uzito ya wiki 12, inayoendeshwa kwa programu ya simu na kundi la WhatsApp hapa Dar es Salaam. Msingi wake wote ni kufunga kwa vipindi: mtu anakula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, na kwa saa kumi na sita zinazobaki anakunywa maji, chai ya rangi au kahawa isiyo na sukari. Tangazo lao linadai kwamba mwili unaofunga hivyo huchoma mafuta ambayo mtu anayekula milo mitatu hawezi kuyafikia. Dai hilo ndilo lililonifanya nitoe fedha, na ndilo ninalolipima hapa.

Mke wangu hakujiunga. Yeye ni mwalimu, anaondoka nyumbani alfajiri, na hawezi kusimama darasani hadi saa sita bila kutia kitu mdomoni. Tulikubaliana kwamba atabaki na milo yake mitatu ila apunguze kiasi: chai bila vile vijiko vitatu vya sukari, chapati moja badala ya mbili, ugali usiozidi ukubwa wa ngumi yake, na mboga zikaangwe kwa mafuta yaliyopimwa kwa kijiko, yasimiminwe moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Tulipima uzito kwa mizani moja, kila Jumamosi asubuhi kabla ya kunywa chochote. Wiki ya 12 ilipokwisha, mimi nilikuwa nimetoka kilo 91.4 hadi 87.1, na yeye kutoka 78.6 hadi 74.7. Nimepungua kilo 4.3, yeye 3.9, na ikizingatiwa kwamba nilianza nikiwa mzito kuliko yeye, sioni katika tofauti hiyo mafuta yoyote ambayo saa za kufunga zimeyafikia na kipimo cha mke wangu kikashindwa.

Watu wawili wa nyumba moja si ushahidi wa kutosha, lakini utafiti uliofanywa kwa uangalifu unaelekea upande huohuo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya watu 116 waliofuatiliwa kwa wiki 12, muda uleule wa huduma hii, na walioambiwa wafunge walikula katika saa zilezile, kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Walipungua wastani wa kilo 0.94, na waliokula milo mitatu kwa nyakati za kawaida walipungua kilo 0.68, tofauti ndogo ambayo inaweza kutokea kwa bahati tu. Hakuna kundi lililoambiwa lipunguze chakula, na nadhani hapo ndipo penye jibu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya Guangzhou, China, ambako watu 139 wenye unene uliokithiri walipunguziwa kalori kwa mwaka mzima, nusu yao wakila kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, na wengine wakila saa yoyote. Waliobanwa kwa saa walipungua kilo 8.0 na wenzao kilo 6.3, na watafiti hawakuona sababu ya kusema kwamba saa ndizo zilizoleta tofauti hiyo. Makundi yote mawili yalipungua sana kuliko watu wa San Francisco kwa sababu yote mawili yalikula kidogo.

Kwa nini basi nami nilipungua, ilhali sikuhesabu kalori hata siku moja? Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu limo katika usiku wangu wa zamani. Nilikuwa nashuka kwenye daladala karibu saa tatu usiku na kupita kwa muuza chipsi wa kituoni. Anamimina mafuta kwenye kikaango kidogo, anatandaza chipsi ambazo tayari zimekaangwa, anapasua mayai mawili juu yake, na anapogeuza unaona mafuta yakichuruzika pembeni ya sahani. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na kijiko kimoja cha chakula hubeba takribani gramu 14. Vijiko vitatu vya kikaangoni vinakaribia kalori 380, kabla ya kuhesabu mafuta yaliyokwisha kunywewa na viazi. Baada ya hapo nilifika nyumbani nikala chakula cha usiku na familia kana kwamba sijaonja kitu. Sharti la kufunga mdomo saa mbili liliniondolea sahani ile, na kwa kweli ndiyo kazi yote iliyofanyika.

Wiki ya saba ilinithibitishia. Nilihudhuria harusi mbili, pilau na kuku vikaandaliwa saa tisa alasiri, na sikuvunja sharti la saa hata kwa dakika moja. Jumamosi mizani ilionyesha nimeongezeka gramu 600. Sisi tuliolelewa pwani tulipaswa kulijua hili bila kufundishwa. Mtu anafunga mwezi mzima wa Ramadhani tangu alfajiri hadi magharibi, tena bila hata tone la maji, na anaweza kufika Idi na uzito uleule au zaidi, kutegemea kaimati za shira, sambusa na mihogo ya nazi alivyovila kwenye futari. Sisemi hivyo kuipunguzia saumu heshima yake. Saumu ni ibada, haikuwekwa kwa ajili ya kitambi, na sikupendezwa na huduma hii ilipotumia picha za futari katika matangazo yake.

Huduma ina mazuri yake, nami siwezi kuyanyima haki. Amri moja iliyo wazi ni rahisi kuishika kuliko kupima kila tonge, na mtu ambaye chakula chake cha ziada huja usiku, kama nilivyokuwa mimi, ataona manufaa mapema. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu waliokula ndani ya saa nane bila kuhesabu kalori walipungua, baada ya mwaka mmoja, kiasi kinachokaribiana na cha waliohesabu. Njaa ya saa nne asubuhi ilinisumbua kwa siku kumi hivi, kisha ikatulia. Kundi la WhatsApp lina nidhamu, na mshauri anajibu upesi.

Ratiba ya chakula waliyonitumia haikunifaa. Ina parachichi na mtindi kila siku, lozi, na samaki wa makopo wa bei ghali, na haina dagaa, kunde wala mchicha. Haisisitizi protini, wala haitaji mazoezi ya kubeba uzito, ingawa katika utafiti ule wa San Francisco kundi dogo lililopimwa kwa kina lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya uzito waliopoteza waliofunga haikuwa mafuta. Wanamtaja pia Yoshinori Ohsumi, Mjapani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli zinavyojisafisha. Kazi hiyo ya thamani kubwa aliifanyia hasa kwenye hamira, na tuzo haikutolewa kwa njia yoyote ya kupunguza uzito.

Kosa ninaloshindwa kulisamehe liko kwenye fomu ya kujiunga. Inauliza jina, umri, urefu, uzito na kilo unazotaka kupunguza. Haiulizi kama una ujauzito, unanyonyesha, una vidonda vya tumbo, au unatumia dawa ya kisukari. Katika wiki ya tatu mama mmoja aliandika kundini, saa nne asubuhi, kwamba mikono inamtetemeka, jasho linamtoka na macho yanaona giza. Mshauri akamjibu, "Vumilia mama, mwili unazoea." Nilimwandikia mama yule faraghani, nikamwamkia na kumuuliza kama anatumia dawa yoyote, akasema humeza kidonge cha sukari kila asubuhi. Nilimsihi anywe chai yenye sukari wakati uleule na aende kituo cha afya, na jioni alinijulisha kwamba sukari yake ilikutwa chini, na daktari amemkataza kumeza kidonge kile bila kula. Dawa za aina hiyo na sindano za insulini huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu, na mtu anaweza kuzimia akiwa peke yake nyumbani. Niliwaandikia wenye huduma nikiwaomba waongeze swali moja tu kwenye fomu, wakanishukuru kwa maoni. Jana nimeifungua tena kabla ya kuandika haya, na maswali bado ni yaleyale matano.