Sakafu ya tangi la bearded dragon: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama unaishi Marekani au Uingereza na mwanao kakulilia mpaka umekubali kumnunulia bearded dragon, yule mjusi wa ndevu, basi kitu kitakachokuchanganya dukani ni cha kutandika chini, maana mifuko imejaa rafu nzima na mingine imechorwa jangwa zuri kweli. Sisi wetu huu mwaka wa nne, nimeshaweka karibu kila kitu mle ndani, kwa hiyo nazipanga kuanzia ninayoipenda mpaka ile nisiyotaka hata kuiona.

Ujue kwanza anatokea wapi. Kwao ni Australia, kule ndani kukavu, udongo mgumu uliopigwa na jua, mawe na vichaka, sio mchanga wa kuzama miguu kama wa ufukweni. Ni wa ukoo mmoja na wale mijusi wa kichwa chekundu mwili wa buluu ambao ukienda Mwanza au Serengeti unawakuta wanaota jua juu ya mawe. Kwa hiyo anataka kitu kigumu chini ya kucha. Halafu huyu kila kitu anakijua kwa ulimi, hatua mbili tatu analamba chini, hatua mbili tatu analamba tena, yani sakafu yake ihesabu kama sehemu ya chakula chake.

Namba moja kwangu ni tailizi. Sio zile za kung'aa za sebuleni, hapana, chukua za slate, yani za jiwe la tabaka, au zozote zenye uso wa kukwaruza, ukipitisha kidole unasikia. Anapata pa kushika akikimbia, kucha zinajisaga zenyewe, na chini ya taa tailizi inashika joto vizuri, tumbo linapata moto na chakula kinasagika. Tangi la mjusi mkubwa ni kama sentimita 120 kwa 60, kwa hiyo tailizi 8 za 30 kwa 30 zinatosha, ila pima ndani ya tangi, usipime nje. Usigundishe na gundi yoyote, zipange tu zibanane, maana ukiacha mianya nyenje unaomlisha wanajificha humo halafu usiku wanatoka kumng'ata mjusi amelala. Akichafua unafuta, na mara moja moja unazitoa zote unazisugua. Duka la vifaa vya ujenzi wanaziuza bei ndogo kuliko chochote kilichoandikwa "reptile".

Namba mbili ni tishu za jikoni, na kama mjusi wako bado mdogo au ndo umemleta leo basi hii ndo namba moja. Watu wanaidharau kwa sababu haipendezi, lakini miezi ya mwanzo unachotaka ni kuona kinyesi chake, kimeshikana au majimaji, kina damu au hakina, maana hawa wengi wanakuja na vijidudu vya tumboni na daktari atakuomba sampuli. Kwenye tishu nyeupe huwezi kukosa kuona. Ubaya wake inateleza, sasa muwekee jiwe bapa na gogo apate kupanda.

Namba tatu ni udongo wa kawaida usio na mbolea uliochanganywa na mchanga uliooshwa, udongo uzidi mchanga, unaulowesha, unaushindilia, unauacha ukauke kabisa mpaka unakuwa kama sakafu ya nyumba ya udongo kijijini. Hii ndo inafanana zaidi na kwao na anachimba anafurahi, ila nimeiweka ya tatu kwa sababu ni ya mjusi mkubwa, mzima wa afya, ambaye joto na taa yake ya UVB, ile ya miale kama ya jua, viko sawa. Na uzito! Tangi hilohilo ukijaza kina cha sentimita 10 ni lita 72, hiyo ni zaidi ya kilo mia, meza yako iangalie kwanza. Ukiwa na jike lakini hata kama hukuweka udongo tangi zima, mwandalie boksi lenye udongo wenye unyevu wa kuchimbika, kwa sababu anaweza kutaga hata bila dume na akikosa pa kuchimba mayai yanaweza kumkwama.

Lino, lile zulia la plastiki la sakafuni, nayo inafaa, ila ile ya gundi nyuma usiweke karibu na taa. Kapeti la mijusi mimi hapana, nyuzi zinanasa kucha na uchafu unaingia ndani hata ukifua.

Sasa ile ya kukimbia: mchanga wa kalsiamu. Muuzaji aliniambia hata akiula unayeyuka tumboni, nikaamini, nikamwaga mfuko mzima. Siku ya sita mjusi hajapata choo, kalala tu, miguu ya nyuma anaiburuza. Kwenye eksirei ule mchanga ulionekana mweupe tumboni kama chaki. Alipona, lakini wiki zile sitaki zirudi. Nilivyorudi nyumbani nilichukua kijiko cha ule mchanga nikaulowesha, nikauacha chini ya taa, asubuhi nikaugonga na kucha ukalia kama plasta. Basi ndo kilichokuwa tumboni kwake. Maganda ya jozi yaliyosagwa nayo yana ncha kali, na maranda ya mierezi yana mafuta yanayoumiza mapafu yake, yaache hapohapo.

Ila hata tailizi nzuri haimsaidii mjusi anayepigwa na baridi, chakula kitakwama tu. Nunua themometa ya kupiga kwa mwanga, upime pale pale juu ya tailizi anapoota, itafutwe nyuzi 38 mpaka 42 za Selsiasi. Ukiona anaburuza miguu usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Na tailizi usioshee kwenye sinki la jikoni, hawa wanabeba Salmonella, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima. Sisi tuna ndoo nyekundu ya mjusi peke yake, inakaa bafuni, na mtoto anajua ukishaigusa unanawa mikono kwa sabuni.