Ruta ya laini ya 4G kwa nyumba za Mji wa Kale Mombasa, yafaa ama haifai

Kwa bei yake hii ruta ni nzuri, ila usiinunue kwa maneno ya muuza duka. Mi nimeichukua Digo Road, ile nyeupe ya antena mbili, unatia laini ya simu kwa nyuma, unachomeka kwa stima, waifai ishatoka. Muuzaji kanambia "hii ni 5G bradha", nikamuangalia tu. Ukiiwasha kweli utaona waifai mbili na moja imeishia na 5G, lakini hiyo ni gigahezi 5, masafa ya kati ya ruta na simu yako hapo ndani. Kutoka kwa mnara mpaka kwa ruta ni 4G ile ile, na boksi limeandikwa Cat 4, yani mwisho wake kushusha ni megabiti 150 kwa sekunde na kupandisha 50, tena hizo ni za kwenye karatasi, mi jioni nikipata 30 nashukuru Mungu.

Sasa shida yetu sie ni kuta. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene mpaka dirishani mtu anakalia, na hayo masafa ya 5 yana mbio lakini ukuta kama huo hayauwezi, sebuleni video inakwenda freshi ukifika jikoni inazunguka tu. Ile waifai ya pili, ya gigahezi 2.4, ndo inapenya, ila huko nako ni vurugu, bluetooth iko hapo, maikrowevu iko hapo, na waifai za uchochoro mzima ziko hapo. Ingia kwa setingi uitoe chaneli, yani kile kipande cha masafa ruta inachotumia, kwa auto, uchague kati ya 1, 6 na 11 manake hizo hazipandiani, uangalie majirani wamejazana wapi wewe uende kwengine. Ukiwa huko huko badilisha paswadi ya kiwandani na uzime WPS, ile ya kuunganisha simu kwa kitufe ama namba fupi bila paswadi, hiyo ndo wanayoingilia vijana.

Halafu isifichwe nyuma ya tivi. Yangu niliipandisha karibu na dirisha, vijiti vya netiweki vikatoka viwili vikawa vinne. Mamangu akaona inaharibu sebule akaifunika kitambaa cha kufuma, ikachemka mpaka ikajizima lol. Betri haina, stima ikipotea nayo kwisha.

Kinachonichekesha ni kuwa SEACOM na TEAMS, nyaya za baharini, zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, intaneti ya bara yapita kwetu halafu sie jikoni hatuna.

Kama wakaa flati ya kuta nyembamba huko Bamburi chukua tu, yatosha. Nyumba ya ghorofa Kibokoni, huku Mji wa Kale, vuta waya wa LAN mpaka juu uweke ruta ya pili, vile vidude vya kurushia mawimbi mbele vya bei rahisi viache, vinapokea na kutuma kwa masafa yale yale kwa hivyo spidi inabaki kama nusu.