EURAXESS kwa daktari anayetafuta uzamivu wa moyo

Tangu niamue kwamba uzamivu wangu utahusu moyo kushindwa kufanya kazi, EURAXESS ndiyo tovuti ya nafasi za utafiti ninayoiamini kuliko zote. Ni ya Kamisheni ya Ulaya, ni bure, na matangazo unayasoma bila hata kujisajili. Nalitanguliza hili kwa sababu mitandaoni kuna madalali wanaomtoza daktari kijana pesa "wamtafutie ufadhili", na tangazo lenyewe liko wazi kwa kila mtu.

Chuja kwa ngazi ya R1, ndiyo ya mtafiti anayeanza, kisha tafuta nafasi za Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti. Humo mwanafunzi anaajiriwa kwa mkataba, analipwa mshahara na posho ya kuhama. Uraia wowote unakubalika, umri hauna ukomo. Sharti moja lisome mapema: ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi, umesoma au umefanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoiomba. Sisi tulioko Mwanza linatubeba. Aliyemaliza uzamili Ubelgiji juzi juzi atafute nchi nyingine.

Sasa maudhui ya nafasi zenyewe, na hapa ndipo ninapowaomba wenzangu watulie. Nyingi zinahusu uzee: misuli ya moyo iliyokakamaa, moyo unaosukuma damu vizuri lakini haulegei vya kutosha kuipokea, seli zilizozeeka, panya wa maabara. Ni sawa, maana wagonjwa wengi wa huko Ulaya wamevuka miaka 70. Lakini utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulichukua wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Presha ndiyo iliyoongoza kwa visababishi. Wodini kwetu namwona mgonjwa huyo kila wiki: mama muuza dagaa, miguu imevimba, halali bila mito mitatu, mwanawe wa mwisho bado yuko sekondari.

Je, presha isiyotibiwa imeizeesha mishipa yake kabla ya wakati? Hilo ndilo swali langu, na ndilo ninaloliweka aya ya kwanza ya barua ya maombi, hata pale tangazo linapozungumzia wazee watupu. Msimamizi mmoja alinijibu kwa kirefu, akauliza picha zetu za eko, yaani ultrasound ya moyo, zinahifadhiwaje na kama wagonjwa wanarudi kliniki baada ya miezi sita. Barua za namna hiyo zinanipa nguvu ya kuendelea kuomba.

Ninachofanya siku hizi, kabla ya kugusa fomu, ni kufungua ukurasa wa mradi na kusoma orodha ya washirika. Nikiona chuo au hospitali ya Afrika humo, naanza kuandika usiku huohuo.