Soketi ya plagi namba 16: uzoefu wangu na IST hapa Mwanza

Kama gari lako ni IST, Probox au jingine lenye injini ya 1NZ au 2NZ, soketi ya plagi unayohitaji, yaani kifaa cha kufungulia plagi za injini, ni namba 16 (milimita 16). Natanguliza jibu kwa sababu mimi nilinunua soketi tatu ndipo nikapata inayofaa, na Jumamosi yangu nzima ikaishia hapo.

Gari lilianza kumisi nikipandisha Bugando. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, ila ukilikanyagia mlimani linakatakata, na likisimama foleni usukani unatetemeka mkononi. Fundi wangu wa Nyakato alisikiliza injini kidogo, akasema ni plagi. Alikuwa na magari matatu mbele yangu, nikaamua kazi hiyo niifanye mwenyewe nyumbani, Buzuruga.

Duka la kwanza niliomba "soketi ya plagi" na kijana hakuniuliza gari gani. Akanipa moja nzito yenye raba nyeusi ndani, shilingi 9,000. Nyumbani nikafungua koili, vile vinavyokaa juu ya plagi na kuzipa umeme, nikaishusha soketi, ikagota mdomoni mwa shimo. Kuigeuza ubavu, imeandikwa 21. Simlaumu sana kijana yule. 21 ndiyo ya plagi za vichwa vikubwa, kama B7HS zinazotumika kwenye mashine nyingi za boti za Yamaha, na kwa mji huu wenye Mwaloni ya Kirumba, naamini wanaoulizia soketi ya plagi wengi ni watu wa mitumbwi. Toyota za zamani za injini ya K nazo zilitumia plagi za kichwa hicho. Ila angeuliza swali moja tu, ningeokoa nauli.

Kitu ambacho sikukijua siku ile ni kwamba plagi ina vipimo viwili vinavyochanganya watu. Ukiambiwa "plagi ya 14", huo ni upana kwa milimita wa nyuzi zinazoingia kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Soketi haishiki nyuzi, inashika kichwa chenye pembe sita kilicho juu yake. Plagi ya nyuzi 14 inaweza kuwa na kichwa cha 16, au cha 20.8 kinachoshikwa na soketi 21. Hata kwenye pikipiki ni hivyo hivyo: D8EA ina nyuzi 12 na kichwa 18, C7HSA ina nyuzi 10 na kichwa 16. Plagi zilizokuwa kwenye IST yangu ni Denso K16R-U11. Hapo K ndiyo inayokwambia kichwa ni cha milimita 16, na 11 ya mwisho ni pengo la moto, milimita 1.1. Ile 16 ya katikati ni kiwango cha joto cha plagi na haihusiani kabisa na spana, ingawa kwa hii namba zimegongana.

Soketi ya pili ilikuwa namba 16 ndefu ya kawaida, isiyo na raba wala sumaku. Plagi ililegea vizuri. Shida ni kwamba ukimaliza kufungua, soketi inapanda peke yake na plagi inabaki chini kwenye shimo refu, huioni wala huifikii. Niliitoa kwa kipande cha mpira wa mafuta, nikauchomeka juu ya plagi na kuvuta taratibu. Soketi ya namna hiyo pia haina kitu cha kuituliza plagi ikae katikati, ukiyumbisha mkono kidogo inalalia kigae cheupe cha plagi. Kigae kikipata ufa, hata usiouona kwa macho, moto unatorokea pembeni na gari linaendelea kumisi na plagi yako mpya ndani.

Nikachukua ile plagi moja niliyoitoa, nikarudi mjini nayo mfukoni. Duka la tatu, karibu na Makoroboi, alikuwepo mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na plagi yenyewe?"

Nikamtolea. Akaipima kichwa kwa venia, kile kipimo cha kubana, akateremsha soketi kutoka kwenye ndoano, akaingiza plagi ndani, akaigeuza mdomo chini na kuitikisa mara mbili. Plagi haikudondoka. Ndipo akanitajia bei: 12,000. Hii ndiyo soketi ninayoisifia leo. Ni namba 16, ina pembe sita, tundu la racheti (mpini wa kuzungushia) ni la tatu ya nane ya inchi, na ndani ina sumaku badala ya raba. Ukikuta iliyoandikwa 5/8 usiogope. Ni inchi, sawa na milimita 15.9, na plagi hizi hizi zinaingia.

Kazi yenyewe haikufika hata saa moja. Injini iwe imepoa kabisa, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinaharibika kirahisi ikiwa ya moto. Bolti za koili ni namba 10. Kabla ya kulegeza plagi nilipuliza kila shimo kwa pampu ya baiskeli, na vumbi lililotoka humo lilinishtua. Lote lingeangukia ndani ya silinda. Ekstensheni, fimbo ya kurefushia racheti, ya sentimita 15 ilinitosha. Plagi tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ya nne nyeusi tii, imejaa masizi, na pengo lake limepanuka. Mpya nilizianzishia nyuzi kwa mpira ule ule wa mafuta, maana mpira ukihisi nyuzi zimepandana unateleza wenyewe, lakini racheti inalazimisha. Zikishakaa kwa mkono, nusu mzunguko na kidogo zaidi kwa racheti, basi. Anayening'inia kwenye mpini kwa uzito wote anatafuta gharama ya kuchonga nyuzi upya.

Kasoro za soketi hii ni mbili. Sumaku inakusanya chembe za chuma kwenye boksi la vifaa, kwa hiyo kila mara naifuta kwa kitambaa kabla ya kuishusha kwenye shimo. Ya pili inaudhi zaidi: kigololo cha ekstensheni hakikamati sana, na mara ya kwanza nilivuta ekstensheni ikaja tupu, soketi imebaki chini na plagi yake. Sasa nazungushia selotepu pale zinapokutana. Zipo zilizoungwa moja kwa moja na ekstensheni, na nikirudi kununua nitachukua hiyo.

Nimeitumia miezi minne sasa, kwangu na kwa jirani mwenye Probox, na haijachubua kichwa cha plagi hata kimoja. Jirani mwingine alikuja na Nissan ya miaka ya karibuni, soketi ikakataa. Yake inataka 14 yenye pembe kumi na mbili na ukuta mwembamba, nikamwambia aende dukani na plagi mkononi.

Bugando napandisha bila kukatwa. Ile ya 21 nilimpa shemeji yangu wa Igombe mwenye mtumbwi wa dagaa, na kwa mashine yake inaingia sawasawa.