Nimelipia picha za majani: kamera ya porini yenye laini

Haya wadau, habari za tangu juzi, karibuni tena. Leo nina hasira, kwa hiyo salamu fupi. Hii hapa mkononi ni kamera ya porini, ile unaifunga kwenye mti, ina laini ya simu ndani. Mnyama akipita inampiga picha, picha inakufuata hadi kitandani kwako. Nembo nimeibandika tepu makusudi. Sijalipwa na mtu, nimetoa dola 119 mfukoni mwangu, na sitaki kesi.

Megapikseli, kuzuia maji, kadi inabeba kiasi gani, hayo yako kwenye boksi, msome wenyewe. Mimi nataka muone simu yangu. Sogeza karibu hapo, baba. Mnaona? Majani. Majani. Majani na kivuli. Hapa kuna mkia, aa, ni kindi. Majani tena. Hii ni siku nne tu: picha 187, zenye mnyama 11. Na kifurushi changu ni picha 250 kwa mwezi, dola nane. Hesabu mwenyewe. Kufika Jumamosi bando limekwisha, nimelipia majani!

Kwa wageni wa chaneli: niko Ohio, Marekani, huu mwaka wa sita nawinda hawa kulungu wenye mkia mweupe. Msimu wa upinde huku unafunguliwa mwishoni mwa Septemba na unakwenda hadi mwanzoni mwa Februari. Shamba ninaloruhusiwa kuwinda ni la mzee mmoja, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, na kazi yangu ni ya shifti. Zamani nilikuwa na kamera ya kawaida ya kadi. Kila wiki naendesha mpaka kule, natembea mpaka kwenye mti, natoa kadi, narudi. Kumbe kila nikienda naacha harufu njiani, na pua ya kulungu haina mchezo. Dume lenyewe likaanza kupita saa nane za usiku tu. Ndiyo maana nikataka yenye laini. Si ufahari.

Wenye kamera za kampuni ya Spypoint najua mtaniandikia hapo chini kwamba nyinyi mnapata picha 100 za bure kila mwezi. Najua, jamani. Najua.

Sasa twende uani. Nimeifunga kwenye huu mti, usawa wa kiuno. Ona hili jicho jeupe la duara hapa chini ya lenzi. Hili halioni sura yako, linahisi joto. Plastiki yake imegawa uwanja wa mbele kama vipande vya tikiti, na kitu chenye joto tofauti na mazingira kikitoka kipande hiki kuingia kile, ndipo kamera inaamka. Kijana wangu amesimama kule. Haya baba, pita, kulia kwenda kushoto, hatua kumi kutoka kwenye mti. Taratibu, wewe ni kulungu, si mpira huo.

Tayari, taa ndogo nyekundu imewaka. Sasa tunasubiri picha ije kwenye simu. Modemu yake huwa inalala ili betri zisiishe, inabidi iamke kwanza, itafute mnara. Tukiwa tunasubiri: ile video ya viatu vya baridi mliyoiulizia inatoka wiki ijayo, na aliyeshinda kofia ajitokeze, nimemwandikia mara mbili hajibu, nitampa mwingine. Na kama hujagonga kengele... ee, imelia! Sekunde hamsini na kitu. Huyu hapa, mzima, katikati ya picha.

Jaribio la pili. Nenda kule kwenye uzio, halafu njoo umeikabili kamera, mstari ulionyooka. Njoo. Njoo. Bado. Bado... bado jamani! Sasa imewaka. Mnaona alipofika? Hatua nne. Kwa sababu alikuwa anatembea ndani ya kipande kimoja cha tikiti, havuki kitu. Kwa hiyo ukifunga kamera ikitazama njia kwa urefu wake, kulungu anakuja mpaka anainusa ndipo inapiga. Ukiifunga njia iipite mkato kabisa, inaamka haraka lakini mnyama mwenye mbio unampata makalio. Ifunge kwa mshazari.

La tatu ndilo lililoniondoa usingizi. Hili tawi nimelikata hapa hapa, lina majani yake. Nalitikisa kivulini. Hakuna kitu. Natikisa kwa nguvu. Hakuna. Sasa nasogea hatua tatu, juani. Natikisa... imewaka! Tawi ni lile lile. Jua limeyapasha majani, nyuma yake kuna kivuli cha baridi, upepo ukiyachezesha jicho linadhani ni mnyama.

Na hapa, wadau, itabidi niwe mkweli. Jana usiku nimeangalia picha zangu zote 187, saa zake. Karibu zote ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Niliifunga ikitazama mashariki. Jua linachomoza usoni mwake, na mbele kuna magugu marefu sikuyafyeka kwa uvivu. Kwa hiyo nusu ya hasira niliyoanza nayo hii video ni yangu mwenyewe. Huku kwetu unaielekeza kaskazini, jua linakuwa mgongoni. Kamera si mbovu kama nilivyotaka kusema. Mipangilio ina sehemu ya kupunguza ukali wa jicho, nimeishusha ngazi moja, tuone.

Lakini nusu nyingine ya hasira inabaki palepale. Picha inayokuja kwenye simu ni kijipicha. Ukitaka kuhesabu matawi ya pembe za dume, unaiomba picha kubwa, na picha kubwa inalipiwa pembeni! Nimeshanunua kamera, nimelipa kifurushi, bado nalipia kuona vizuri picha niliyopiga mimi, iliyomo kwenye kadi yangu. Huo ni wizi wa kistaarabu.

Betri haraka haraka. Zinaingia za AA nane. Weka za lithiamu, kwenye baridi zile za kawaida zinakufa. Ila usiamini asilimia: za lithiamu umeme wake haushuki polepole, programu itakuambia 100, 100, 100, halafu kimya. Mimi nimeandika tarehe kwa kalamu ndani ya mfuniko.

Kuna ndugu wa Arizona alisema nimfundishe kuitumia. Kaka, kwenu kamera hizi zimepigwa marufuku kwa uwindaji tangu Januari 2022. Angalia sheria ya jimbo lako kabla ya kununua. Wanasema si haki kwa mnyama. Mimi nikipata picha niko kwenye shifti, saa moja na nusu mbali, sijui haki ipi naidhulumu.

Na yule wa Morogoro, nguruwe pori wanamaliza mahindi, anataka nimtumie moja. Usinitumie hela. Laini ya hii imefungwa ndani, ni ya mitandao ya Marekani. Hata ningeifungua, masafa ya 4G ya huku siyo ya minara ya Tanzania. Tafuta yenye nafasi ya kuweka laini yako, iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, masafa yake yanakaribiana na ya nyumbani. Na kwenu karibu na ikweta jua linapita juu, wewe kwepa tu mashariki na magharibi. Nguruwe anakuja usiku, utampata. Nyani wa mchana ndiye shida: joto likifika 35, mwili wake na hewa vinakaribiana, jicho linapofuka. Wakenya, kwenu kuwinda kumefungwa tangu 1977, lakini kupiga picha shambani kwako nani atakukataza.

Bei sasa. Kwa dola 119, siwashauri. Ikishuka themanini nanunua ya pili, kwa ajili ya upande wa mto, huku nikiilaani. Jumamosi naenda na panga kufyeka yale magugu, nitawawekea picha za wiki nzima muone kama majani yamepungua. Baba, fungua huo mkanda, mvua inakuja.