Nyumba ya maputo: Baba yangu, binti yangu na vipande 598

Baba yangu alikuwa fundi seremala Tanga kwa zaidi ya miaka arobaini. Sasa amepumzika, mikono bado ina nguvu, ila macho ndiyo yameanza kumchoka. Kaka yangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo alimletea binti yangu zawadi, seti ya Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, namba 43217, ile nyumba inayopaa kwa maputo kwenye filamu ya katuni ya Up. Binti ana miaka kumi, na boksi limeandikwa kuanzia miaka tisa, kwa hiyo zawadi ilikuwa yake kabisa. Lakini tangu siku ile boksi lilipofunguliwa, Babu yake hakubanduka mezani.

Mimi nilikuwa na wasiwasi. Mwaka juzi nilinunua kwenye duka moja mjini boksi la vitofali visivyo na jina, bei ya kutupa. Vipande vingine vilikuwa vinacheza, vingine havishiki mpaka uvigonge kwa kisigino cha mkono, na ukuta ukifika mistari sita unaanza kupinda. Mtoto alilia, boksi likaishia uvunguni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilipoona vitofali tena nilishtuka.

Seti hii ilitoka mwaka 2023, kampuni ya filamu ya Disney ilipokuwa inaadhimisha miaka 100. Ina vipande 598, na huko Marekani ilianza kuuzwa kwa dola 60 hivi. Kwa shilingi zetu ni kama laki moja na nusu kabla ya usafiri, na hiyo ni hela nyingi, sitaki kumdanganya mtu. Ndani kuna mzee Carl Fredricksen, mtoto Russell na mbwa wao Dug. Vipande vimefungwa kwenye mifuko yenye namba: unajenga mfuko wa kwanza mpaka uishe, ndipo unafungua wa pili. Msivimwage vyote kwa pamoja. Sisi tulivimimina kwenye ungo wa kupepetea mchele, mfuko mmoja mmoja, na hakikupotea hata kimoja.

Kitu cha kwanza alichofanya Baba ni kuchukua vipande viwili, akavibana, akavivuta, akavibana tena huku ameinamisha sikio. Akavigeuza chini, akaangalia zile bomba ndogo zilizo ndani. Vinundu vya kipande cha chini hubanwa kati ya bomba hizo na kuta za kipande cha juu, ndiyo maana vinashika bila gundi wala msumari. Mtindo huo ulipewa hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, mwaka 1958, na kitofali cha mwaka ule bado kinaingia kwenye cha leo. Nilipomwambia kwamba aliyeanzisha kampuni ya Lego, Ole Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, alikuwa fundi seremala mwenzake, na kwamba mwaka 1932 alianza na midoli ya mbao, Baba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana kiungo kimekaa."

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kitabu cha maelekezo. Ni picha tupu, hatua kwa hatua. Baba husoma Kiswahili tu, na vitu vingi vinavyoingia nyumbani siku hizi humfanya aombe msaada, kuanzia simu mpaka karatasi za dawa. Hapa hakumwomba mtu. Binti alikuwa anatafuta vipande kwenye ungo, Babu anapachika. Walipofika kwenye paa wakabadilishana bila kuambiana, kwa sababu mapaa Baba anayajua, na alitaka kumwelekeza mjukuu jinsi mteremko unavyokaa.

Walikosea mara moja. Kipande kiliingia nundu moja pembeni, na hawakugundua mpaka hatua nyingi mbele, ukuta ulipokataa kufunga. Binti akataka kuukandamiza. "Mama, ukuta haulazimishwi," Baba alimwambia. "Turudi tulikokosea." Wakabomoa taratibu mpaka pale, wakajenga upya. Hakuna kilichovunjika wala kulegea, na kwangu mimi hapo ndipo bei yake ilipojieleza.

Usiku wa siku ya kwanza tukawawekea filamu yenyewe, ya mwaka 2009. Wanaoijua wanakumbuka kile kipande cha mwanzoni cha ndoa ya Carl na mkewe Ellie, miaka yote hiyo inapita bila mtu kutamka neno, mpaka Ellie anapofariki. Baba hakuhitaji kutafsiriwa chochote. Mama yetu alitutoka miaka mitatu iliyopita, na binti yangu ni somo wake. Baba aliangalia mpaka mwisho, akaaga, akaenda kulala.

Asubuhi walifikia kujenga sebule, na humo kuna viti viwili. Kwenye boksi hakuna kijisanamu cha Ellie. Binti aliupekua ungo mzima, akauliza, "Babu, mbona bibi hayupo?" Baba akakiweka kile kiti mahali pake, akakinyoosha kwa ncha ya kidole mpaka kikakaa sambamba na kingine.

"Kiti chake kipo," akasema.

Nimesikia watu wakisema angewekwa na yeye. Mimi naona walifanya vizuri kumwacha.

Upande wa maputo, mjue mnachonunua. Kwenye filamu, Pixar walioitengeneza waliweka maputo 20,622 nyumba inapong'oka ardhini, na 10,297 inapokuwa inaelea. Hapa ni shungi la vipande vidogo vya rangi juu ya dohani, linapendeza, ila ni dogo ukilinganisha na nyumba. Nyuma pia iko wazi ili mikono iingie kuchezea. Vile vipande vidogo vya akiba vinavyobaki, Baba amevitia kwenye kopo lake la skrubu, na ameniambia nisiviguse.

Huo uwazi wa nyuma ndio haukumpa usingizi. Wiki iliyopita nilimkuta kibarazani na kipande cha plaiwudi, futi na penseli sikioni, anapima mgongo wa nyumba. Mzee hawezi kulala kwenye nyumba isiyo na ukuta wa nyuma, aliniambia. Ameshaukata na kuupiga msasa, unaingia na kutoka bila kugusa kipande chochote. Kilichobaki ni rangi: Binti anataka ya waridi, Babu anataka kijani, na mpaka naandika hivi hawajakubaliana.