Kipenga cha kwanza cha mwamuzi wa ndondo: kipi ununue Dar

Ukianza kuchezesha mechi za mtaani, jezi utaazima na kadi utapewa na mwenzako. Kipenga nunua chako. Kinaingia mdomoni, halafu ndiyo sauti yako mbele ya wachezaji 22 na umati uliosimama hadi kwenye chaki.

Namba moja kwangu ni Fox 40 Classic, kisicho na gololi ndani. Alikibuni Ron Foxcroft, mwamuzi wa mpira wa kikapu wa Kanada, baada ya kipenga chake cha gololi kugoma kulia katikati ya mechi. Kiliingia sokoni 1987. Ndani hakuna kinachocheza, kwa hiyo hakuna cha kukwama kwa mate, vumbi wala mvua.

Hilo nililijua kwa uchungu. Masika, uwanja wa Tandika umejaa maji, beki anamkwatua mshambuliaji ndani ya boksi. Nikapuliza, ukatoka upepo mtupu. Gololi ilikuwa imenata. Mpira ukaenda upande wa pili, likafungwa goli. Nilizingirwa na timu zote mbili, na kila mmoja alikuwa na haki ya kukasirika.

Kariakoo vya kuiga vimejaa. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nikijaribu," futa mdomo wa kipenga, puliza polepole, kisha kwa pumzi yako yote. Kizuri hakikatiki hata ukizidisha. Kikigeuka kelele ya upepo, mrudishie.

Cha pili ni Acme Thunderer cha chuma, kutoka Birmingham, kinachotengenezwa tangu 1884. Sauti yake inatetemeka, na ukiizoea unaipandisha na kuishusha utakavyo. Nakipenda pale viwanja vinapopakana, kama Jangwani: jirani akiwa na Fox 40, wachezaji wako hawasimami kwa kipenga chake. Ila gololi yake ni ya mti laini wa vizibo vya chupa, inalowa mate. Kioshe na ukikaushe kila baada ya mechi, na siku ya mvua kiache nyumbani.

Cha tatu, cha umeme cha kubonyeza. Ni kisafi na mnaweza kupokezana mazoezini, lakini faulo ndogo na penalti vinalia sawasawa, na betri haitoi taarifa. Vya plastiki vyenye gololi, vinavyouzwa pamoja na midoli, usiviguse.

Kamba ya shingoni pia iache. Chukua kishikio cha vidole, kipenga kikae mkononi. Ile nusu sekunde ya kukipeleka mdomoni inakuonyesha kama aliyefanyiwa faulo bado ana mpira na anaelekea golini, ukamwacha aendelee.

Nunua viwili, kimoja kikae mfukoni na kadi. Kisha nenda ufukwe wa Coco alfajiri ukajifunze: mlio mfupi mkali kwa faulo, mrefu mzito kwa penalti, mpaka mwenzako aliyekupa mgongo atambue umeamua nini.